Seli za Aina Mbili Ndani ya Mwanamke Mmoja: Mwongozo kwa Wahudumu, Walimu na Wazazi wa Mwambao wa Nyasa

Ukishuka kutoka Kingerikiti kwenda Mbamba Bay, fika mwaloni mapema, saa ambayo usipa wanaanikwa, uwatazame paka wanaozunguka vichanja. Mtafute mwenye mabaka ya rangi ya chungwa, mabaka meusi na sehemu nyeupe. Ukimpata, mkague: karibu kila mara utakuta ni jike. Dume wa rangi hizo yupo, lakini mtu anaweza kuzeeka bila kumwona hata mmoja.

Sababu yake iko kwenye kromosomu X. Jeni inayoamua kama manyoya yawe ya chungwa au meusi imekaa humo, na paka jike ana X mbili, moja ya mama na moja ya baba. X moja ikiwa na maelekezo ya chungwa na nyingine ya weusi, mtu angetegemea rangi hizo zichanganyike mwili mzima. Hazichanganyiki. Kila baka linatumia X moja, na nyingine imezimwa. Mwaka 2025 watafiti wa Japani na wa Marekani walichapisha ushahidi kuwa rangi ya chungwa inatokana na kipande kidogo cha DNA kilichopotea karibu na jeni iitwayo ARHGAP36. Weupe unaletwa na jeni nyingine isiyokuwa kwenye X, kwa hiyo uweke kando unapomtazama paka huyo.

Nimeanza na paka kwa kuwa kinachoonekana kwenye ngozi yake ndicho kilichomo ndani ya kila mwanamke. Kimo pia ndani ya mbuzi jike na ng'ombe jike. Kwa mwanamke hakionekani kwa macho. Lakini katika nchi ya malaria kama yetu kinaweza kuamua kama kipimo chake cha damu kinasema kweli, na kama dawa fulani itamponya au itamvunjia damu. Hapo ndipo ninapotaka tufike, mimi na wewe unayehudumia zahanati, unayefundisha baiolojia, au uliye na binti nyumbani.

Kwanza fahamu kinachotokea ndani ya seli

Mwanamume ana X moja na Y moja. X imebeba jeni zaidi ya 800 zinazotengeneza protini, na Y ina makumi tu. Kama mwanamke angezitumia X zake zote mbili kikamilifu, angetengeneza protini hizo maradufu ya kaka yake, na mwili haustahimili hali hiyo. Panya wa maabara walioharibiwa mfumo huu wa kuzima X walionyesha matokeo yake: mimba za kike zilikufa mapema.

Ugunduzi wenyewe ulikuja kwa vipande. Mwaka 1949, katika mji wa London ulioko Ontario, Kanada, Murray Barr na mwanafunzi wake Ewart Bertram waliona doa lililokolea ndani ya kiini cha seli za neva za paka jike. Kwa madume halikuwepo. Miaka 10 baadaye Susumu Ohno akaonyesha kuwa doa hilo ni X moja iliyojikunja. Mwaka 1961 Mary Lyon, mtaalamu wa jenetiki aliyefanya kazi Harwell, Uingereza, alitazama mabaka ya panya wake na kuandika makala fupi sana iliyobadilisha elimu hii: katika kila seli ya jike X moja imezimwa, uchaguzi wa ipi izimwe ni wa kubahatisha, na ukishafanyika haurudi nyuma.

Uchaguzi huo hufanyika mimba ikiwa na siku chache tu, kabla mama mwenyewe hajajua kuwa ni mjamzito. Katika seli hii itazimwa X iliyotoka kwa baba, na katika seli ya jirani itazimwa ya mama. Jeni iitwayo XIST, iliyotambuliwa mwaka 1991, huamka kwenye X inayoelekea kuzimwa na kuanza kutoa RNA ndefu. RNA hiyo haitengenezi protini yoyote. Inabaki pale pale ilipozaliwa, inaifunika X yake yote, kisha inaita protini za kuisaidia. Mojawapo, SPEN, huanzisha kazi ya kuzinyamazisha jeni ili zisinakiliwe tena. Nyingine hubadilisha alama za histoni, yaani zile protini ambazo DNA imezungushiwa, na mwisho DNA yenyewe hutiwa alama za kemikali zinazofunga milango ya jeni. X hiyo hujikunja na kukaa ukingoni mwa kiini. Hilo ndilo doa aliloliona Barr.

Seli ikigawanyika, watoto wake wote hurithi uamuzi huo huo, na wajukuu wake vivyo hivyo, maisha yote ya mwanamke. Ndiyo maana paka ana mabaka: kila baka ni ukoo wa seli uliotokana na mababu wachache waliokwisha kuchagua. Desemba 2001 Chuo Kikuu cha Texas A&M kilimzalisha paka aliyeitwa CC kwa kunakili seli ya paka mwenye rangi tatu. CC alizaliwa bila tone la rangi ya chungwa, kwa kuwa seli aliyotokana nayo ilikuwa imeshaizima X ya chungwa.

Kuna mambo matatu ya kuongeza kabla hatujaingia kwenye damu. Seli huzima X zote isipokuwa moja, hata zingekuwa tatu. Ndiyo maana paka dume mwenye X mbili na Y moja anaweza kuwa na mabaka. Kuzima si kamili: kwa binadamu karibu asilimia 15 ya jeni za X iliyozimwa huendelea kufanya kazi, na watafiti wanaamini hilo linachangia wanawake kuugua zaidi magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe, kama lupasi. La tatu ni la kushika sana: katika seli zinazozaa mayai, X iliyozimwa huamshwa upya. Mama humpa mtoto X yake yoyote kati ya mbili, hata ile iliyolala kwenye sehemu kubwa ya damu yake.

Zoezi la darasani

Mwalimu, hapa huhitaji maabara. Umatengo wote hadi ziwani una maharage. Jaza mfuko maharage mengi mekundu na meupe kwa idadi sawa, na kila mwanafunzi atoe 8 bila kutazama. Hizo 8 ni seli za mwanzo, nyekundu zikiwakilisha zilizobakiza X ya mama na nyeupe zilizobakiza ya baba. Kisha kila harage alilotoa alizidishe kwa kuweka mengine 10 ya rangi ile ile.

Darasa likiwa kubwa, takriban robo ya wanafunzi watapata nne kwa nne. Waliobaki watakuwa wameegemea upande mmoja, na kama 7 katika kila 100 watapata saba au zote nane za rangi moja. Waonyeshe kuwa kuzidisha hakukusawazisha kitu: aliyeanza na sita kwa mbili amebaki na uwiano huo huo kwenye rundo kubwa. Seli za mwanzo zitakazokuja kuzaa damu ni chache, kwa hiyo wanawake wawili, hata dada wa tumbo moja wenye jeni zinazofanana, wanaweza kutofautiana sana. Zoezi hili ni bora kuliko mchoro wowote wa ubaoni, kwa sababu kila mwanafunzi anaondoka na rundo lake.

Shule yenye hadubini nzuri inaweza kulitafuta doa la Barr kwenye seli zilizokwanguliwa taratibu ndani ya shavu na kutiwa rangi. Linakuwa dogo, limebanana na ukuta wa kiini, na halionekani katika kila seli. Wavulana nao wakwangue, ili darasa lione tofauti.

Sasa tuingie kwenye damu

Ndani ya seli nyekundu kuna kimeng'enya kiitwacho G6PD. Kazi yake ni kuiwezesha seli kujikinga na kemikali kali zinazotokana na oksijeni, na seli nyekundu haina njia nyingine ya kupata kinga hiyo. Jeni yake iko karibu na ncha ya kromosomu X. Aina ya upungufu iliyoenea Afrika Mashariki hujulikana kama A hasi. Mwenye nayo hutengeneza kimeng'enya, lakini kinachakaa mapema. Seli nyekundu haina kiini, kwa hiyo haiwezi kutengeneza kingine. Inavyozidi kuzeeka katika siku zake 120 hivi ndivyo inavyobaki bila kinga. Wengi wenye upungufu huu huishi maisha yao yote wakiwa na afya njema, mpaka siku wanapokutana na dawa isiyowafaa.

Mvulana mwenye jeni pungufu ana X hiyo moja tu, kwa hiyo seli zake nyekundu zote ni pungufu. Msichana aliyerithi X moja nzima na moja pungufu ni jambo jingine kabisa. Uboho wake una koo mbili za seli. Ukoo mmoja umezima X pungufu, nao huzaa seli nyekundu imara. Mwingine umezima X nzima, nao huzaa seli dhaifu sawasawa na za kaka yake. Zote zinazunguka kwenye mishipa ile ile. Mwaka 1962 Ernest Beutler na wenzake nchini Marekani walitumia upungufu huu huu kuonyesha kuwa alichokisema Mary Lyon juu ya panya ni kweli kwa wanawake.

Usikubali kumwita mwanamke huyo "mbebaji tu". Neno hilo humfanya mhudumu adhani anayedhurika ni mtoto wa kiume peke yake, na mama amebeba tu kitu kisichomhusu. Sehemu ya damu yake ni pungufu kwelikweli.

Na wanawake hawa ni wengi. Chukua mfano wa hesabu tu. Tuseme katika kijiji fulani mvulana 1 kati ya 10 ana upungufu, maana yake X 1 kati ya 10 ina jeni hiyo. Kwa wasichana 100, anayepata X mbili pungufu ni 1. Wanaopata moja nzima na moja pungufu ni 18. Wavulana pungufu ni 10 kwa 100, lakini wasichana wenye seli za aina mbili ni 18. Kundi tunalolisahau ndilo kubwa kuliko yote.

Eneo letu limo kwenye historia ya elimu hii. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha mwaka 1960 uchunguzi wake juu ya upungufu wa G6PD kwa watu wa Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata yeye na David Clyde wakaandika juu ya watoto wa Tanganyika: wenye upungufu walikuwa na vimelea vichache vya malaria. Mwaka 1969 Lucio Luzzatto na wenzake waliokuwa Ibadan, Nigeria, walitazama damu ya wagonjwa wa kike wenye seli za aina mbili. Ndani ya mwili mmoja, vimelea vilikuwa vimeingia zaidi kwenye seli nzima na kuziepuka zile pungufu. Hakuna jaribio zuri kuliko hilo, kwa sababu kila kitu kingine kilikuwa sawa: mgonjwa yule yule, mbu yule yule, siku ile ile.

Mwaka 2015 Alphaxard Manjurano na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wa Tanga, na wasichana wenye jeni moja nzima na moja pungufu ndio walioonekana kuwa na kinga dhidi ya malaria kali. Mwaka huo huo Sophie Uyoga na wenzake wakafikia matokeo ya namna hiyo kwa wasichana wa Kilifi. Utafiti mpana wa mwaka 2017 ukaongeza tahadhari: upungufu mkubwa hupunguza malaria ya kupanda kichwani, lakini huongeza hatari ya upungufu mkali wa damu. Kwa hiyo mtu asimwondoe binti yake kwenye chandarua kwa kusikia kuwa ana kinga ya kuzaliwa.

Namna ya kuuliza ukoo

Bila kipimo, bado una mdomo na masikio. Mvulana hupata X yake kwa mama peke yake. Kwa hiyo unapouliza, fuata upande wa mama: kaka zake wa kuzaliwa, wajomba zake mama, babu mzaa mama. Upande wa baba hauna habari kuhusu upungufu wa mtoto wa kiume. Kwa mtoto wa kike uliza pande zote mbili, kwa kuwa baba mwenye upungufu humpa X hiyo kila binti yake bila kukosa, na hampi mwanawe wa kiume hata mmoja.

Mazungumzo yaende polepole, kama hivi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani nikuulize. Kaka zako wa tumbo moja, yupo aliyewahi kukojoa mkojo mweusi baada ya kumeza dawa?"

"Yule anayenifuata. Alipewa vidonge alipokuwa Songea, siku ya pili mkojo ukawa mweusi, macho yakawa ya njano. Alilazwa."

"Na wajomba zako?"

"Mmoja alikuwa akiugua manjano mara kwa mara. Dawa sikumbuki."

Majibu hayo hayathibitishi ugonjwa, lakini yanatosha kuandika alama kwenye kadi na kumfikiria mama huyu mwenyewe, si wanawe tu. Kaka yake alipata X pungufu kwa mama yao, na kuna nusu ya uwezekano kwamba naye aliipata hiyo hiyo.

Hapa nataka kusema kwa msisitizo. Ukishaeleza kuwa mvulana amerithi kwa mama, wapo watakaotafuta wa kumlaumu. Maliza maelezo palepale: huenda mama naye alipewa na baba yake, na baba naye na mama yake, na hakuna aliyechagua. Waeleze mume na mke wakiwa wamekaa pamoja. Mama akienda kumweleza mume peke yake, ujumbe unaweza kugeuka njiani.

Usichanganye upungufu huu na selimundu. Selimundu iko kwenye kromosomu ya 11, hurithiwa kwa pande zote mbili kwa uzito sawa, na mvulana na msichana wana hatari ile ile. Mtoto anaweza kuwa na yote mawili, na kupima moja hakuelezi lolote juu ya jingine. Wala usimpime mtu kwa kabila au kwa kijiji. Mmatengo wa milimani na Mnyasa wa ziwani wameoana vizazi na vizazi, na anayeishi kwenye baridi ya juu anaweza kuwa na X iliyotoka ufukweni.

Kusoma kipimo cha mwanamke

Zahanati nyingi za vijijini hazina kipimo cha G6PD. Kabla hujampandisha mtu gari kwenda Liuli, Litembo, Mbinga au Peramiho, piga simu hospitali uulize kama wanapima, na kipimo chao ni cha aina gani. Swali la pili ndilo watu wanalolisahau.

Vipimo vya aina ya kwanza hutoa jibu la ndiyo au hapana: doa la damu linatazamwa chini ya mwanga wa urujuanimno, au kipande cha karatasi kinabadilika rangi. Vimetengenezwa kumtambua mtu ambaye kimeng'enya chake kiko chini ya asilimia 30 hivi ya kawaida. Kwa mwanamume vinatosha, kwa kuwa yeye huwa chini kabisa au juu kabisa. Kwa mwanamke mwenye seli za aina mbili vinaweza kupotosha. Kipimo husaga seli zote pamoja na kupata wastani. Nusu ya seli ikiwa nzima na nusu dhaifu, wastani unafika karibu nusu ya kawaida, na kipimo kinajibu "hana tatizo". Nusu ya damu yake haijui jibu hilo. Ikikutana na dawa kali itavunjika.

Kwa mwanamke, basi, tafuta kipimo cha aina ya pili, kinachotoa namba. Chini ya asilimia 30 ni upungufu. Kati ya 30 na 70 ndiko wanakokaa wengi wenye seli za aina mbili. Juu ya 70 anahesabiwa kuwa salama kwa dawa zilizopo, ingawa hilo halimaanishi hana X pungufu: yule aliyetoa maharage saba mekundu kwa moja jeupe anaweza kusomeka mzima, na bado nusu ya wanawe wa kiume wakazaliwa na upungufu. Kinyume chake nacho hutokea, mwanamke mwenye X moja nzima akasomeka kama kaka yake. Mwanamume akisomeka katikati, shuku kipimo, au uliza kama amewekewa damu karibuni.

Muda wa kupima una uzito wake. Mgonjwa aliyetoka kuvunjikiwa damu ameshapoteza seli zake kuukuu, na zilizobaki ni changa ambazo kimeng'enya chake bado kipo. Ukimpima wiki hiyo atasomeka mzima. Subiri kama miezi mitatu. Aliyeongezewa damu naye asubiri muda kama huo, la sivyo utakuwa unapima seli za aliyemchangia.

Dawa za kuangalia

Dawa mseto ya malaria tunayoijua haina shida kwa mwenye upungufu wa G6PD. Nalisema mapema, kwa sababu mtu akisikia habari ya dawa zinazovunja damu anaweza kuacha dozi nyumbani, na malaria itamuua kabla ya hofu yake kumfaa kitu.

Inayotajwa zaidi ni primakwini. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi moja ndogo ya miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito, iongezwe kwenye dawa mseto ili kuzuia mbu asiondoke na vimelea, tena bila kulazimika kupima G6PD kwanza. Utafiti uliofanyika Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 2016 uliiona dozi hiyo kuwa salama kwa wagonjwa waliochunguzwa. Primakwini ya siku 14, inayotolewa kwa malaria inayojificha kwenye ini, ni habari nyingine: hiyo inahitaji kipimo, na kwa mwanamke inahitaji namba. Haitolewi kwa mjamzito. Tafenokwini hukaa mwilini majuma kadhaa baada ya kumezwa mara moja, kwa hiyo ikishaleta madhara huwezi kuiondoa. Hupewa tu mwenye zaidi ya asilimia 70.

Dapsoni, iliyomo kwenye tiba ya ukoma, ni ya kuangaliwa sana. Ilikuwamo pia kwenye dawa ya malaria iitwayo Lapdap, iliyofanyiwa majaribio katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo, na kuondolewa sokoni mwaka 2008 baada ya kuonekana inawavunjia damu wagonjwa wenye upungufu huu. Nitrofurantoini, ya maambukizi ya njia ya mkojo, huandikiwa zaidi wanawake, tena kirahisi. Hapo ndipo mwanamke aliyesomeka "hana tatizo" anaweza kudhurika kimyakimya kwa maradhi ambayo hayahusiani na malaria kabisa. Muulize historia ya ukoo kabla hujaandika.

Dalili hutokea kwa kawaida siku ya kwanza hadi ya tatu baada ya kuanza dawa: mkojo wa rangi ya kahawa, macho kuwa ya njano, mwili kuishiwa nguvu, mapigo ya moyo kwenda mbio, maumivu ya mgongo au tumbo. Aache dawa hiyo, anywe maji, aende hospitali siku ile ile na pakiti ya dawa mkononi. Kwa mwenye seli za aina mbili dalili zinaweza kuwa hafifu kuliko za mwanamume, kwa kuwa seli zake nzima zinambeba. Uhafifu huo humfanya acheleweshe safari, na mjamzito hana akiba ya damu ya kuchezea.

Watu huuliza kuhusu maharage. Kuna jamii ya maharage makubwa yaitwayo fava, yanayoliwa sana nchi za Mediterania na Mashariki ya Kati, ambayo huvunja damu ya wenye upungufu. Maharage yanayolimwa kwenye ngoro za Umatengo si hayo. Kula bila wasiwasi, na mpe mtoto.

Mtoto mchanga

Mama mwenye historia hii anapojifungua, mtazame mtoto kila siku katika wiki ya kwanza, wa kiume na wa kike pia. Mbonyeze ngozi ya kifua au paji la uso kwenye mwanga wa mchana uone kama inabaki ya njano, na utazame weupe wa macho. Unjano ukitokea ndani ya saa 24 za kwanza, au ukishuka hadi miguuni, au mtoto akiacha kunyonya, mpeleke hospitali. Kumwanika juani hakutoshi. Unjano mkali usiotibiwa huharibu ubongo, na ukishauharibu haurekebishwi.

Kisha fungua sanduku la nguo. Vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vinavyowekwa kufukuza nondo na mende vina nafthalini, na kwa mtoto mchanga mwenye upungufu mvuke wake na mabaki yake kwenye nguo yanatosha kuvunja damu. Nguo na mablanketi yaliyotunzwa kwa vidonge hivyo visimguse. Zungumza na bibi mapema, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayetunza sanduku, na kwa nia njema kabisa ndiye aliyeviweka. Mwambie, "Bibi, tunaomba nguo za mjukuu tuzitunze bila vidonge," umweleze sababu, na atakuwa mlinzi wako wa kwanza.

Kuandika kwenye kadi

Usiandike "G6PD: kawaida" kwenye kadi ya mwanamke ukaishia hapo. Andika aina ya kipimo, asilimia kama ipo, tarehe, na kama aliwekewa damu ndani ya miezi mitatu iliyotangulia. Kama kipimo kilikuwa cha ndiyo au hapana, andika hivyo, ili atakayempokea Songea au Dar es Salaam ajue kuwa bado namba haijapatikana. Chini yake ongeza ndugu waliowahi kupata mkojo mweusi, ukitaja uhusiano wao kwake: kaka, mjomba, babu mzaa mama. Hata kipimo kikisoma juu ya asilimia 70, mstari huo wa ndugu usiufute. Binti zake watauhitaji.